Mashine Isiyo na Mrithi

Picha za harusi ya wazazi wangu zimo kwenye albamu yenye kurasa za nailoni, ndani ya sanduku la bati, chini ya kitanda cha mama. Picha za harusi ya mdogo wangu nazo zipo, naziona kwenye simu kila nikitaka, lakini ukiniuliza zimehifadhiwa nchi gani sina jibu. Ndivyo zilivyo kaya nyingi za mjini leo: kumbukumbu zao zimepanga mbali, kwa mwenye nyumba wasiyemjua, na kodi hupanda bila kikao. Juni 2021 Google iliacha kupokea picha bure bila kikomo, ikaanza kuzihesabu ndani ya gigabaiti 15 za bure. Watu wengi ninaowafahamu walianza kujiuliza habari hizo mwaka huo. Wengine wakalipia. Wengine wakafuta. Wachache, mimi nikiwemo, tukajenga seva nyumbani.

Mashine yenyewe haitishi. Ni kompyuta ya kawaida isiyozimwa, haina kioo wala kibodi, inakaa pembeni ikingoja kuombwa kitu na vifaa vingine vya humo ndani. Simu ikifika tu kwenye mtandao wa nyumbani inaipelekea picha za siku hiyo. Runinga inaiomba filamu. Watoto wanafungua humo Wikipedia ya Kiswahili, iliyopakuliwa mara moja kwa ajili ya programu ya Kiwix, wakasoma bila kugusa bando. Zimo nakala za hati ya kiwanja, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, na sauti ya bibi akieleza ukoo ulikotoka. Programu zinazoendesha haya yote ni huria na hupatikana bure. Gharama iko kwenye vyuma, kwenye umeme, na kwenye muda wa mtu.

Huo muda wa mtu ndio ulionifanya niandike, kwa sababu hakuna anayeuweka kwenye bajeti. Lakini tuanze na vyuma, maana ndivyo vinavyowavuta wengi.

Anayeanza hutamani mashine kubwa. Ofisi zikibadilisha vifaa huuza seva zao za zamani kwa bei ya kutupa, na mtu akiona lile dubwana lenye prosesa mbili na feni zinazounguruma hudhani ameokota. Mita ya LUKU ndiyo humrudisha chini. Mashine inayotumia wati 80 usiku na mchana humaliza uniti 57.6 kwa mwezi wa siku 30. Mteja mdogo wa nyumbani, yule wa kundi la D1, ana ukomo wa uniti 75 kwa mwezi. Seva peke yake imeshakula zaidi ya robo tatu ya kiasi hicho, na bado friji, pasi na taa hazijahesabiwa. Seva nyingi za ofisini huvuka wati hizo hata zikiwa zimekaa bure.

Kwa hiyo uboreshaji wa kwanza wenye maana hapa kwetu ulikuwa wa kushuka. Mnara wa seva uliokuwa ukipasha joto stoo uliondoka, kikaingia kikompyuta cha mtumba chenye ukubwa wa kitabu kinene, cha aina ile ya Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre ambayo hufungwa nyuma ya vioo vya kompyuta kwenye kaunta za ofisi. Kikitulia hutumia kama wati 12, na kwa mwezi hakifikishi uniti 9. Hakuna kazi ya nyumbani kilichoshindwa.

Nafuu hiyo inafika hadi kwenye betri. UPS ndogo ya madukani kwa kawaida huwa na betri moja ya volti 12 na ampea-saa 7. Ukiitwika wati 25, yaani kikompyuta, ruta na swichi, inaweza kuvusha zaidi ya saa moja ya giza. Ukiitwika wati 100, nusu saa haifiki. Tena betri hizi za risasi hazipatani na joto la Pwani: kila nyuzi 10 zinazoongezeka juu ya 25 hupunguza maisha yake kwa karibu nusu. Anayepanga bajeti ya seva Dar es Salaam aiandike betri mpya mapema, asije akaiita ajali siku itakapokufa. Aongeze na brashi ndogo ya rangi, kavu, kwa ajili ya vumbi la kwenye feni. Hewa ya bahari ina unyevu na chumvi, na vumbi likishachanganyika na vitu hivyo viwili linaganda mahali ambapo hewa inatakiwa kupita.

Zinafuata kuta. Nyumba zetu za tofali za saruji zenye nondo madirishani hudhoofisha waifai kuliko matangazo ya ruta yanavyokiri, hasa ile ya gigahezi 5, ambayo ina kasi kuliko ya gigahezi 2.4 lakini haipenyi kuta kama mwenzake. Seva inayotegemewa huunganishwa kwa waya, na waya hununuliwa Kariakoo.

Muuzaji alinifungulia boksi. “Hii shaba tupu, dada yangu. Maofisini wote wanachukua hii.”

“Nikatie kipande kidogo nione.”

Akakata kipande cha urefu wa kidole. Nikamenya ganda la nje, nikachomoa uzi mmoja, nikaukwangua kwa wembe. Chini ya wekundu ikatokea rangi ya fedha. Ilikuwa alumini iliyopakwa shaba. Muuzaji akautazama ule uzi, akanitazama na mimi, akacheka, akamwita kijana wa stoo: “Mletee dada ile ya ndani.” Ile ya ndani ilikuwa nzito zaidi mkononi, na bei yake nayo ilikuwa nzito. Nikakwangua tena. Wekundu ukaenda hadi katikati.

Wembe ule si ukorofi wa mteja. Uzi wa alumini hukatika upesi ukipindwa, na huuzuia umeme zaidi ya shaba, kwa hiyo ukitumika kupeleka umeme kwenye kamera ya getini hupata joto na kupoteza nguvu njiani. Waya halali wa Cat5e hubeba gigabiti moja kwa sekunde hadi umbali wa mita 100. Ndani yake mna nyuzi nane katika jozi nne zilizosokotwa, ili kelele ya umeme inayoingia kwenye uzi mmoja iingie na kwa mwenzake, upande wa pili zifutane. Kichwani hupangwa kwa rangi: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Uzi mmoja wa buluu au wa kahawia ukishika vibaya, mara nyingi mtandao haukatiki. Hushuka kutoka megabiti 1000 hadi 100 na kuendelea na kazi kimyakimya. Hakuna ujumbe wa hitilafu, na watu wa nyumbani watasema tu kwamba siku hizi filamu zinakwama.

Kazi hii yote ina lengo moja: cha nyumbani kisisafiri ng’ambo ndipo kirudi nyumbani. Lengo hilo nchi zetu zimelihangaikia kwa kipimo kikubwa zaidi. Zamani barua pepe ya kutoka kwa mteja wa kampuni moja ya intaneti Nairobi kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine hapohapo Nairobi ilipanda setelaiti, ikavuka bahari, ikashuka tena. Kituo cha kubadilishana mawasiliano, KIXP, kilifunguliwa Novemba 2000. Muda mfupi baadaye kikafungwa kwa amri ya mdhibiti, baada ya Telkom Kenya kulalamika kwamba kinaingilia ukiritimba wake. Kikafunguliwa tena mwaka 2002. Dar es Salaam ilipata chake, TIX, mwaka 2004. Mikongo ya baharini ilipofika kuanzia 2009 safari ya kwenda nje ikawa fupi na nafuu, na wengi tukasahau kwamba ilikuwepo.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 ilitukumbusha. Mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika baharini upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Simu zilikuwa na alama kamili za mtandao na hazikufungua kitu. Nyumba zenye seva ziliendelea kutazama picha zao, kusoma walichokihifadhi na kusikiliza muziki wao. Nisiikuze: siku ile seva haikutuma pesa wala kuleta habari. Ilitoa kile tu kilichokuwa kimewekwa humo kabla, na kwa siku kama ile kilitosha.

Sasa, kilichowekwa kinaweza kupotea. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha andiko lililoeleza jinsi diski nyingi za bei nafuu zinavyoweza kufanya kazi pamoja na kuvumilia kifo cha mojawapo. Hiyo ndiyo RAID, na hadi leo ndiyo fahari ya mwenye seva: diski mbili zinaandika kitu kilekile, moja ikifa nyingine inaendelea. Tatizo ni kwamba inakinga dhidi ya kifo cha diski, basi. Mwizi hubeba zote mbili. Umeme ukirudi kwa kishindo huunguza zote mbili. Mtoto akifuta folda kwenye moja, imefutika kwenye nyingine sekunde ileile.

Kanuni ambayo wajuzi huishika haikuenezwa na mhandisi, ilienezwa na mpigapicha wa Marekani, Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae nje ya nyumba. Yetu ya nje iko Dodoma kwa dada. Ilipelekwa kwa basi, ndani ya begi la mkononi, kwa sababu terabaiti moja husafiri haraka kwa barabara kuliko kwa intaneti ya nyumbani. Tangu hapo mabadiliko ya kila siku hupelekwa usiku kwa mtandao. Hapo pia uhuru una mipaka yake. Anwani za IPv4 zilizopo duniani ni kama bilioni 4.3 tu, hazitoshi, kwa hiyo kampuni nyingi huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Nyumba yetu na ya dada zote ziko nyuma ya anwani za namna hiyo, na hakuna inayoweza kubisha hodi kwa mwenzake. Hukutana kwenye seva ndogo ya kukodi, kupitia WireGuard, programu iliyoingizwa rasmi ndani ya Linux mwaka 2020. Nakala husimbwa kabla ya kutoka nyumbani, yaani hugeuzwa isisomeke bila ufunguo, hivyo seva ya kukodi hupitisha isichokijua. Tumetoka kwa mwenye nyumba mmoja tukapanga kijichumba kwa mwingine. Tofauti ni kwamba huyu wa pili tunaweza kumhama kwa jioni moja.

Ukifika hapo unajiona umemaliza. Umeme umepungua, waya ni shaba, nakala ni tatu, njia ni salama. Vitabu na mafundi wangekupa maksi zote.

Mtaani kwetu alifariki baba mmoja aliyekuwa mtaalamu wa kompyuta, na seva yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Diski nne, kamera getini, kila kitu kimesimbwa kama wataalamu wa usalama wanavyofundisha. Msibani walihitaji picha ya kuweka kwenye ratiba ya mazishi. Mjane alisimama mbele ya rafu, taa za kijani zinawaka, diski zinazunguka, picha za miaka yote ya ndoa yao zimo humo, na ufunguo umeondoka na marehemu. Picha iliyotumika ilitoka kwenye simu ya mwanakwaya mwenzake, imefifia kwa kutumwa na kutumwa tena WhatsApp. Baadaye kijana wake alinijia na mashine ndani ya mfuko wa shangazi kaja. “Mama, naomba unifungulie, wewe unazijua hizi.” Diski iliyosimbwa vizuri haijali nani analia. Nilimrudishia kama ilivyokuja.

Kiufundi marehemu hakukosea popote. Mashine ilifanya kile alichoiagiza hadi mwisho. Wazee walishasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, nao walikuwa wakizungumzia duka na deni, lakini sijaona mali ambayo methali hiyo imeikaa vizuri kama hii. Seva inapohamishiwa picha, hati na sauti za ukoo, aliyeijenga anakuwa mshika funguo wa watu ambao hawakumchagua na hawajui anachoshika. Kadiri anavyoiboresha ndivyo anavyozidi kuwa peke yake. Kila kifaa kipya huongeza kitu kimoja zaidi ambacho kiko kichwani mwake tu.

Ajabu ni kwamba jawabu limelala ndani ya mashine yenyewe. Seva yangu, kama nyingi za aina yake, inaendeshwa na Debian. Mradi huo ulianzishwa mwaka 1993 na kijana aliyeitwa Ian Murdock. Mwaka 1996 aliacha uongozi, 1997 wenzake wakaandika mkataba wao na jamii ya watumiaji, 1998 wakapitisha katiba, na tangu hapo kiongozi huchaguliwa kwa kura. Murdock alifariki Desemba 2015. Debian haikusimama, kwa sababu kwa muda mrefu ilikuwa imeandikwa na kugawanywa kwa watu wengi kiasi kwamba hapakuwa na mtu mmoja ambaye kuondoka kwake kungeizima. Tunachukua kazi ya watu waliojua kurithishana, tunaiweka sebuleni, kisha tunaifunga kwa neno la siri la mtu mmoja.

Kwa hiyo kwetu kuna daftari, la karatasi, kwa Kiswahili, lisilotaka umeme wala mtandao. Ukurasa wa kwanza unasema seva ni kile kidude cheusi kwenye rafu nyuma ya runinga. Kuizima, bonyeza kitufe mara moja, usishikilie. Kuwasha, anza na ruta, hesabu hadi mia, kisha seva. Ukurasa wa pili una malipo: nini kinalipiwa, kwa nani, mwezi gani. Wa tatu unaeleza kwamba maneno ya siri yako kwenye bahasha iliyofungwa, pamoja na hati ya kiwanja, na nakala ya bahasha hiyo iko kwa dada. Wa nne ni wa siku mambo yatakaposhindikana kabisa: chukua diski ya nje yenye kibandiko chekundu, ichomeke kwenye kompyuta yoyote, picha zimo kwenye folda za miaka, hazina nenosiri.

Ukurasa huo wa nne utawaudhi wataalamu, na najua kwa nini. Diski isiyosimbwa ikiibwa, mwizi anaona kila kitu. Ndiyo maana haina hati wala vyeti, ina picha na sauti tu, na hukaa kabatini chini ya kufuli. Kwa familia nimeona afadhali mwizi atazame picha za ubatizo kuliko wajukuu wasizione kamwe. Nyumba nyingine inaweza kupima tofauti, mradi ipime, isiiachie programu iamue.

Kisha daftari hujaribiwa. Mtoto wa dada, anayekaa kwetu kwa ajili ya shule, alipewa alisome na kufanya, mimi nimekaa kwenye kochi bila ruhusa ya kusema.

“Mama mdogo, hapa umeandika nisubiri taa izime. Taa ipi? Mbona ziko tatu?”

Mimi nilizijua taa zile kiasi kwamba nilikuwa sizioni tena. Tukaandika rangi. Leo mtoto yule anaweza kuzima seva, kuibeba, kuiwasha chumba kingine, na kumtumia bibi yake picha iliyomo. Hajui WireGuard ni nini, na si lazima ajue.

Je, kila nyumba ijenge seva? Hapana. Asiye na mtu wa pili wa kushika daftari heri aendelee kulipia huduma za kampuni, ambazo angalau zina utaratibu wa kukabidhi akaunti ya marehemu kwa ndugu, kisha awe na diski moja ya nje yenye kila kitu. Anayetaka kujifunza ajenge, lakini asihamishie humo nakala pekee ya picha za watu wengine wakati bado anajifunza. Na anayejenga kwa ajili ya familia akubali kwamba prosesa mpya, swichi ya kasi na diski kubwa ni sehemu rahisi ya kazi, kwa sababu hivyo hununuliwa. Seva inayoweza kuwashwa na mtu mmoja tu bado ni mchezo wa mtu huyo, hata ikiwa imebeba ukoo mzima.

Kama unayo seva nyumbani, mwezi huu usiiongezee kitu. Chukua kalamu, andika ukurasa mmoja, mpe yule ndugu asiyependa kabisa mambo ya kompyuta, umwache azime, awashe, na atafute picha moja ya mama yake. Akikwama, usimfundishe. Rekebisha ukurasa, mpe tena.